Wazazi katika Kiwanja Pamoja na Watoto Wao

Mara nyingi wazazi wanafika ku mulango wa Padri ao wa katekista na neno moja tu: « Padri, mutoto huyu ametushinda. » Hatii, harudi nyumbani mapema, ku masomo anakwenda siku anayopenda mwenyewe. Wazazi wanaomba tumuite, tumukaripie, kisha tumurudishe kwao akiwa mutu mwingine. Nasi tunamuita. Mutoto anainamisha kichwa, anajibu « ndiyo, Padri » mara kumi, anakwenda zake. Nyuma ya juma mbili baba anarudi na neno lile lile.

Ndugu wapenzi, mimi nimekaripia watoto wengi hivyo, wala sikumbuki hata mumoja aliyegeuka kwa sababu ya karipio langu. Lakini nimemuona mutoto aliyegeuka kwa sababu baba yake alianza kupiga mbio pamoja naye asubuhi. Jambo hilo linaweza kuwachekesha wengine. Ninataka kulieleza hapa, maana lina sababu zake, na inafaa sababu hizo zijulikane na wale wenye kazi ya kuwashauri wazazi.

Tufahamu kwanza neno lenyewe. Mutoto anayenyamaza mbele ya fimbo hajapata adabu bado, amepata woga. Fimbo ikitoka nyumbani, adabu ile inatoka nayo. Adabu ya kweli ni mutu kuweza kujiamuru mwenyewe: mwili unasema « lala », naye anaamuka, hasira inasema « piga », naye anauzuia mukono wake. Mutakatifu Paulo alipowaandikia Wakorinto habari ya kuutawala mwili (1 Kor. 9, 24-27), alichukua mufano wa wapiga mbio na wapigana ngumi. Hakuchagua mufano ule bure. Karibu ya Korinto kulikuwa michezo mikubwa kila nyuma ya miaka miwili, na wasomaji wake walijua vizuri namna wapiga mbio walivyojinyima vitu siku nyingi, kusudi wapate taji la majani tu, lenye kukauka upesi. Tuangalie neno hili: yule mupiga mbio hakulazimishwa na mutu kwa fimbo. Alijilazimisha.

Je, mutoto anajifunza wapi kujilazimisha? Wazee wetu hawakuwa na kiwanja cha mupira wala saa ya ukutani, lakini walijua kazi hii kuliko sisi. Mutoto wa muvuvi wa Tanganyika alipokuwa mukubwa kidogo, baba alimuingiza katika mutumbwi. Ndagala wanavuliwa usiku kwa taa. Sherti mutoto avute kasia sawasawa na wengine, asisinzie, asisimame ovyo, asipige kelele. Baba hakumufundisha uvumilivu kwa maneno mengi, ziwa lilimufundisha. Tena mutoto aliona kwa macho yake kwamba baba vilevile anasikia baridi, baba vilevile mikono inamuuma, na hata hivyo haachi kasia. Hivyo hivyo katika shamba, hivyo hivyo katika kuwinda. Malezi yalikuwa ndani ya kazi, na kazi ilikuwa ya pamoja.

Sasa tutazame nyumba ya mujini. Baba anatoka mbele ya jua kutokea, anakwenda ku kompani, ku soko, ao ku shimo la madini. Mutoto hajui baba anafanya nini huko. Anamuona jioni tu, amechoka, ameketi ku kiti, anaamuru: « Leta maji. Zima radio. Nenda kusoma. » Mutoto yule anajua kinywa cha baba yake, mikono yake haijui. Na mutu asiyejulikana isipokuwa kwa kinywa, ni vigumu kumufwata. Mimi ninafikiri matata mengi ya malezi ya leo yanatoka hapo, kupita kwa sinema na simu tunazozoea kulaumu katika mahubiri.

Basi mazoezi ya pamoja yanaweza kushika nafasi ya ule mutumbwi. Sisemi kwamba mupira ni kazi. Ninasema kwamba katika kiwanja mutoto anamuona tena muzazi wake akitoka jasho.

Lakini kwa nini wazazi wetu hawazoei jambo hili? Ninaona sababu moja katika historia. Katika inchi yetu, michezo ya siku hizi ilifika kwanza kwa mikono ya wazungu wa kompani na Leta, ya masomo na ya misioni. Ku Léopoldville, Padri Raphaël de la Kethulle, wa shirika la Scheut, yule aliyeitwa na watu Tata Raphaël, alianzisha timu nyingi na kujengesha viwanja. Ndiye aliyeanzisha Daring katika mwaka wa 1936. Na kiwanja kikubwa kilichofunguliwa mwaka wa 1952, ambamo Muhammad Ali na George Foreman walipigana ngumi tarehe 30 Oktoba 1974, leo kina jina lake. Ku Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya sasa, Wabenedikto wa Institut Saint-Boniface walianzisha timu ya Saint-Georges katika mwaka wa 1939. Timu ile imebadili jina mara nyingi. Leo ni TP Mazembe, iliyopata kombe la timu za Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Wapadri wale walikuwa na shabaha ya malezi: vijana washike saa, washike sheria, waache ulevi na ugomvi. Walifanya vema. Ila baba na mama walibaki inje ya kiwanja, wakitazama. Kidogo kidogo watu wakazoea kufikiri kwamba mazoezi ya mutoto ni kazi ya mwalimu, ya Padri, ya mufundishaji wa timu. Muzazi kazi yake ni kununua viatu, kama ana franga.

Kumbe Kanisa linafundisha vingine. Baba Mutakatifu Pio XI katika barua yake ya tarehe 31 Desemba 1929, na Mutaguso wa pili wa Vatikano katika tangazo lake juu ya malezi, tarehe 28 Oktoba 1965, wote walisema kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Masomo na Kanisa vinawasaidia. Mafundisho hayo tunayasoma katika seminari na kuyajibu vizuri katika mutihani. Yafaa tuyafikishe hata katika kiwanja.

Sasa namna yenyewe inavyofanya kazi. Katika parokia moja nilipokuwa vikari, kulikuwa fundi wa kinga mwenye watoto wanne. Wa kwanza, kijana wa miaka kumi na mitatu, aliacha masomo na kushinda ku soko pamoja na vijana wakubwa wasio na kazi. Baba alimupiga, haikusaidia. Alimuleta kwangu, nimekwisha kusema karipio langu lina nguvu gani. Basi siku moja, bila kumuuliza mutu, akawaambia watoto wake wawili wakubwa kwamba siku ya kwanza, siku ya tatu na siku ya tano wataamuka wote watatu na kupiga mbio mupaka ku daraja na kurudi. Siku ya kwanza, yeye baba ndiye aliyeshindwa kufika ku daraja. Aliketi ku jiwe, pumzi imekwisha, watoto wakacheka. Akawaambia: « Leo munanishinda. Siku ya tatu tutaona. »

Aliponieleza habari hiyo, aliongeza neno nisilolisahau. Alisema kwamba mutoto hakuwa amemuona hata siku moja akishindwa bila kukasirika. Nami nilifikiri sana juu ya neno hilo. Sisi wakubwa tunawataka watoto wavumilie kushindwa: katika mutihani, katika mupira, katika kunyimwa kitu. Lakini nani amewaonyesha namna ya kushindwa? Mbele yao tunataka kuwa washindi siku zote. Katika mbio hakuna njia ya kudanganya. Miguu ya baba inasema ukweli, na mutoto anaona kwamba mutu anaweza kuanguka nyuma, akacheka, akarudi kesho kutwa.

Neno la pili ni saa. Kama baba anasema « tutaondoka mbele ya jua kutokea », sherti yeye awe wa kwanza kusimama ku mulango. Fundi yule alisema kwamba hilo ndilo lililomugharimu kupita yote, maana jioni alizoea kukaa ku kabaré. Ilimupasa kulala mapema. Tazameni: mazoezi ya mutoto yalimurudisha baba nyumbani jioni. Muzazi akikosa kuamuka mara mbili, mara tatu, na mutoto amengoja, hasara ni kubwa kuliko kama hawakuanza.

Neno la tatu ni sheria yenye kuwa juu ya wote wawili. Nyumbani baba ndiye sheria, na mutoto anafikiri utii ni kufwata nguvu ya mukubwa. Katika muchezo kuna musitari chini. Mupira ukivuka musitari, umetoka, hata kama ni baba aliyeupiga. Baba akisema mwenyewe « umetoka, ni wako », bila kungoja kuulizwa, mutoto amejifunza somo la haki lenye thamani kubwa. Akidanganya kwa kucheka, mutoto amejifunza somo lingine.

Tena kuna kurudilia. Kuruka kamba mara mia, kupiga mupira ku ukuta kwa muguu wa kushoto mupaka muguu ule uzoee: hakuna ujanja wa kufupisha njia hiyo. Siku kumi za kwanza mutoto haoni faida. Nyuma ya juma sita anaona kwamba mwili umetii. Mutoto aliyejua hivyo kwa mwili wake anaweza kuamini vilevile kwamba hesabu zitafahamika kwa kurudilia. Lakini sherti muzazi amusaidie kuunganisha mambo hayo mawili, maana mutoto peke yake haunganishi siku zote. Tumejua wachezaji hodari sana katika kiwanja na wavivu kabisa ku masomo.

Yule kijana wa kwanza alirudi ku masomo mwaka uliofwata. Hakuwa mutakatifu, alipigana tena, alichelewa tena. Ila alipochelewa alikuja mwenyewe kusema. Mudogo wake hakupenda mbio hata kidogo. Baba akamuachilia, akamupa kazi ya kuchunga saa ku mulango na kuandika dakika katika kahedi. Nilipenda hekima ile. Watoto si matofali ya kalibo moja.

Hapa nitaje hatari, maana dawa nzuri ikinywewa vibaya inakuwa sumu. Nimeona baba mumoja, mbele ya watu wote, akimupiga kofi mutoto wake aliyekosa penalti. Mutoto alilia, si kwa kofi, bali kwa haya. Baba wa namna hii hachezi pamoja na mutoto. Anacheza ndani ya mutoto, anataka miguu ya mutoto imupatie sifa aliyoikosa yeye katika ujana wake. Mutakatifu Paulo aliwaonya wababa wasiwachokoze watoto wao hata wakakata tamaa (Kol. 3, 21, Efe. 6, 4). Na baba anayemutukana arbitri kila siku ya Mungu, asishangae mutoto akimutukana mwalimu siku ya kwanza.

Kuna hatari kubwa zaidi, na katika inchi yetu hatuwezi kuinyamazia. Vikundi vya silaha vilevile vinafundisha watoto mazoezi. Vilevile vinawaamusha mapema, vinawapigisha mbio, vinadai utii. Tarehe 14 Machi 2012, mahakama ya kimataifa ya La Haye ilimuhukumu Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha watoto wasiotimiza miaka kumi na mitano na kuwatumia katika vita ya Ituri, miaka ya 2002 na 2003. Majaji walieleza mazoezi makali ya kambi zile na azabu walizopewa watoto. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inakataza kabisa kumuingiza mutoto katika jeshi, katika kikundi cha silaha ao katika polisi. Basi ku macho, mazoezi ya kambi na mazoezi ya nyumbani yanaweza kufanana: mbio, jasho, amri. Tofauti iko ndani. Kambini mutoto anafundishwa kuua hukumu ya roho yake na kumutii mukubwa bila kuuliza. Nyumbani anafundishwa kujitawala kusudi aweze kusema « hapana » hata kwa mukubwa, kama mukubwa anaamuru ubaya. Kwa hiyo muzazi asiige sauti ya kapita wa jeshi katika mazoezi, hata kwa muchezo. Na kijana asiye na mutu wa kumuita asubuhi, mutu mwingine anaweza kumuita.

Wengine wataniuliza: na mutoto ambaye baba yake amekufwa, ao yuko mbali katika machimbo miezi mingi? Yoane Bosko alifiwa na baba yake mbele ya kutimiza miaka miwili. Mama yake Margherita alimulea katika kazi ya shamba, na alimuachilia ajifunze kutembea juu ya kamba na kucheza michezo ya sokoni, ambayo kijana aliitumia kuwakusanya jirani na kuwasalisha. Alipokuwa Padri ku Torino, alikimbia na kucheza pamoja na vijana. Na katika barua yake ya kutoka Roma, tarehe 10 Mei 1884, alihuzunika kwamba katika uwanja wa nyumba yake walezi hawachezi tena na vijana. Wanasimama pembeni, wanazungumza, wanalinda kwa macho tu. Alisema haitoshi vijana wapendwe. Sherti wao wenyewe wajue kwamba wanapendwa, na wanajua hivyo wakiona mulezi anapenda vitu wanavyovipenda wao. Wasalesiani walifika Katanga mwaka wa 1911, na nyumba zao hata leo zina kiwanja. Pahali baba hayuko, mujomba, baba mudogo, babu ao kaka mukubwa anaweza kushika kazi hiyo. Mama vilevile, wala si kwa kukosa mwingine.

Maana tusisahau wabinti. Wamama wengi wa Kongo walipokuwa wadogo walicheza nzango: makundi mawili yanasimama uso kwa uso, wanaimba, wanapiga makofi, wanaruka, na hesabu inakwenda kwa muguu wanaoutoa. Ni muchezo wa mbio za akili na za miguu, na siku hizi una timu na mashindano yake. Mama anayeucheza pamoja na wabinti wake katika kiwanja cha nyumba hahitaji viatu wala franga. Anawafundisha kushika zamu, kukubali hesabu, kutogombana. Tena binti anapata saa ya kucheka pamoja na mama yake, na katika saa ya namna hii maneno magumu yanatoka kwa urahisi, yale ambayo hayatoki mezani.

Juu ya kipimo, nitasema machache. Shirika la afya la ulimwengu, katika maongozi yake ya mwaka wa 2020, linashauri watoto wa miaka mitano mupaka kumi na saba watumikishe mwili kwa nguvu kama dakika 60 kila siku, tukihesabu siku zote pamoja. Kwa wakubwa, dakika 150 mupaka 300 kwa juma. Lakini mutoto anayetembea kilometa nyingi kwenda ku masomo na kubeba bido la maji jioni amekwisha kupita kipimo hicho. Mama wake akisema « huyu anafanya mazoezi ya kutosha », amesema kweli. Kwa mutoto wa namna hii tusiongeze muzigo. Afazali muzazi achukue bido la pili na kutembea naye, kisha wacheze kidogo. Mutoto mwenye homa asipige mbio, hata akisema anaweza. Mutoto asiyekula tangu jana anahitaji chakula kwanza. Na kamwe mazoezi yasitumiwe kuwa azabu, kama kusema « umekosa, piga mbio mara kumi kuzunguka nyumba ». Mutoto atachukia mbio, na ubaya wake utabaki.

Inabaki habari ya siku ya Mungu, ambayo inawakasirisha Wapadri wengi: timu zinacheza asubuhi, na kanisa linabaki na wazee. Mimi sishauri kuhubiri juu ya mupira. Wanaopaswa kusikia hawako kanisani. Ni vema zaidi katekista aende ku kiwanja siku ya posho, asimame na wababa, aongee na waongozi wa timu juu ya saa. Mara nyingi wanakubali kuanza nyuma ya Misa, hasa wakiona Padri mwenyewe anakuja kutazama, na kama mifupa yake inaruhusu, anacheza nusu ya kwanza.

Nanyi Waseminari, katika likizo munazunguka katika nyumba za wakristu, na wazazi watawaletea ninyi pia yule mutoto aliyewashinda. Musikimbilie kumukaripia. Muulizeni baba kwanza: « Katika juma, ni kitu gani munachofanya pamoja naye, ninyi wawili? » Wengi watanyamaza kidogo mbele ya kujibu. Ngojeni.